Usianzie Uvinza: jibu kwa mwalimu anayetaka kushuka Malagarasi kwa kayaki

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa jiografia huku Urambo, Tabora. Likizo ya Juni, mimi na mume wangu na mtoto wetu wa miaka kumi na miwili tunataka kushuka Mto Malagarasi kutoka Uvinza mpaka Ziwa Tanganyika. Tumeshanunua kayaki mbili za kujaza upepo. Mto nimeuona mara nyingi nikipita darajani: mpana, umetulia, hauna kelele. Tumepanga siku tatu. Mume wangu anaogelea vizuri, mimi kidogo, mtoto hajui kabisa. Je, mpango wetu unawezekana? Mamba wapo wengi? Na ruhusa tumwombe nani?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nianze na lile ambalo hutalipenda. Kutoka Uvinza mpaka ziwani, hapana. Si kwa kayaki za upepo, si mkiwa na mtoto, wala mkimwacha mtoto kwa bibi yake. Lakini safari ile unayoiona kichwani, ya maji mapole, mafunjo pande mbili, ndege, na mwisho wake ziwa linafunguka mbele yenu, ipo, tena kwenye mto huohuo. Iko chini zaidi, kuanzia Ilagala, na asubuhi moja inaitosha. Siku zenu mbili zilizobaki nitawapangia kazi nyingine.

Daraja unalolisema bila shaka ni lile la Kikwete, lenye urefu wa mita 275, lililofunguliwa mwaka 2015. Ukisimama pale ukatazama chini, lazima uone mto mpole, kwa sababu hapo Malagarasi unatoka kwenye ardhi oevu yake. Hii ndiyo Malagarasi–Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000, lenye zaidi ya hekta milioni tatu. Maji yaliyolala kwenye kinamasi kikubwa namna hiyo hayana haraka na mtu. Wewe uliuona mto ukiwa bado haujaamka, ukadhani ndiyo tabia yake mpaka mwisho.

Chukua ramani yenye kontua, ile mistari ya kuonyesha mwinuko, unayofundishia, ufuate mto kuanzia Uvinza kwenda magharibi. Ziwa liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari. Uvinza iko juu ya ziwa kwa zaidi ya mita 150. Mteremko huo wote lazima ulipwe mahali, na Malagarasi haulipi kidogo kidogo njia nzima. Unaulipa kwenye miamba na maporomoko yaliyo chini ya Uvinza, yenye jina kubwa yakiwa ni Igamba. Ndipo palipochaguliwa kwa mradi wa umeme wa megawati 49.5. Mtu wa umeme na mtu wa kayaki hawatafuti maji ya aina moja, kwa hiyo ukisikia mhandisi amefurahia sehemu ya mto, wewe pita kwa barabara. Hapo katikati kuna mapori ambayo kayaki ikipasuka hakuna wa kumwita, na simu yako itakuwa ya kupigia picha tu.

Uvinza yenyewe msiiruke. Shukeni treni pale, au mkija kwa gari simameni, mtoto aone chumvi inavyotengenezwa kutokana na chemchemi za maji ya chumvi. Watu wa Tabora wamekula chumvi hiyo vizazi na vizazi, na nadhani watoto wengi wa Urambo hawajui kwamba inatoka ardhini, kando ya mto, mbali na bahari. Hiyo ni siku yenu ya kwanza.

Sasa huku chini. Malagarasi ukishamaliza ugomvi wake na miamba, unaingia kwenye tambarare uliyoijenga wenyewe. Udongo na mchanga uliotoka Kasulu, Kibondo, Kaliua na Burundi umemwagwa hapa miaka na miaka, mpaka mto umepata delta yake ndani ya ziwa. Mto huu una urefu wa kama kilomita 475, na hakuna mwingine unaoingia Tanganyika wenye bonde kubwa kuliko lake. Tena wataalamu wa miamba na wa samaki wanasema mto ni wa zamani kuliko ziwa. Kabla bonde la ufa halijazama, Malagarasi ulikuwa unaenda moja kwa moja kuungana na Mto Kongo. Ndiyo maana baadhi ya samaki wake ni ndugu wa samaki wa Kongo, na ziwani hapo katikati huwakuti. Hili usiache kuwaambia wanafunzi wako.

Ilagala iko kusini mwa Kigoma, unafuata njia ya Simbo. Ni mahali ambapo kwa miaka mingi kivuko kimekuwa kikivusha watu, magari na madumu ya mawese, kwa hiyo pana watu wanaoujua mto kwa kuishi nao. Hapo mtaingia majini. Mkondo unasukuma taratibu, unaweza kupiga kafi huku ukiongea. Mdiria mweupe na mweusi atakuwa ananing'inia hewani kabla hajajitupa. Furukombe atalia juu ya mti mkavu. Yangeyange na mnandi mtawachoka. Penye yungiyungi, tazameni ndege mwekundu-kahawia mwenye vidole virefu kupita kiasi, anayetembea juu ya majani bila kuzama. Mtoto atampenda huyo kuliko tai.

Juni ni mwezi mzuri, kwa upande wa mto. Mvua za huku huanza kama Novemba na kuisha Aprili au Mei, lakini kinamasi hukaa na maji hayo kwanza kabla ya kuyaachia, ndiyo maana mafuriko ya Malagarasi huchelewa kufika chini. Mwezi Juni bado maji ni mengi, yameanza tu kushuka. Maji mengi maana yake ni nafasi ya kupishana na wenye mto. Watu wengine watawashauri Septemba au Oktoba kwa sababu mafungu ya mchanga yanakuwa yametoka na picha zinapendeza. Kweli zinapendeza, ila maji yakipungua, viboko, mamba, wavuvi na ninyi mnabanwa kwenye njia moja. Mimi na mtoto wa miaka kumi na miwili nisingeenda Oktoba.

Mamba umewauliza. Viboko hukuwauliza, na ndio wangekuwa swali langu la kwanza.

Kiboko hushinda majini mchana, jioni hutoka kwenda kula majani, alfajiri hurudi. Kwake yeye usalama ni kina. Akishtuka akiwa kwenye maji mafupi, au akiwa nchi kavu, anakimbilia maji ya kina kwa njia ya mkato, na kilichosimama katikati anakipitia juu. Ajali nyingi za mitumbwi hutokea hivyo: mtumbwi ulikuwa umekaa njiani kwake. Kwa hiyo mwachieni kina, ninyi pitieni maji mafupi ya upande wa pili. Lakini kupita maji mafupi si kujibanza kwenye mafunjo, maana ndani ya mafunjo hayo anaweza kuwa amelala mmoja ambaye hamjamwona, na njia yake ya kutoka ni ninyi.

Kwenye kona, mto hula ukingo wa nje na kulaza mchanga ukingo wa ndani. Kina kiko nje, na viboko wanapenda hapo. Mchanga uko ndani, na mamba wanapenda hapo kuota jua. Utasema sasa nipite wapi? Piteni upande wa ndani, lakini si kwa kuukwaruza mchanga. Acheni nafasi ya mitumbwi miwili mitatu hivi kati yenu na ukingo. Mamba aliyelala juani akiwaona kwa mbali huteleza majini akaondoka. Kiboko aliyeshtukizwa kwenye kina chake haondoki.

Kabla ya kila kona, aliye mbele agonge ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi: ko, ko, ko. Si kwa kuwafukuza, ni kuwapigia hodi. Walio chini watapandisha vichwa waone ni nani. Hesabuni masikio, halafu subirini, mkipiga kafi kinyumenyume mto usiwasogeze. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji kama dakika tano, kwa hiyo hesabu ya kwanza siku zote imepungua. Mara nyingi wa mwisho kutokea ni jike mwenye mtoto, na huyo ndiye mnayemtaka mumjue alipo kabla hamjasogea. Akifungua kinywa akawaelekezea, msidhani ana usingizi, anawaonyesha meno. Na mkiona mmoja amejitenga, amezama akielekea kwenu, na maji juu yake yanavimba mstari, msibaki kupiga picha. Nendeni ukingoni, penye maji ya magotini, kwa nguvu zote.

Kwa sababu hiyo hamuanzi safari gizani. Huku jua huchelewa, Mwalimu, zaidi kidogo kuliko hata Urambo. Mwezi Juni Kigoma jua linachomoza karibu saa moja asubuhi, na saa kumi na mbili na nusu bado ni giza-giza. Huo ndio wakati viboko wanarudi majini. Kunyweni chai. Saa moja na nusu mkiwa mnasukuma kayaki, mmefanya vizuri.

Kuhusu mamba, ndiyo, wapo. Mwaka 1871 Stanley alipovuka Malagarasi akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, punda wake mmoja alifungwa kamba aogelee nyuma ya mtumbwi. Mamba akamdaka shingoni, watu wakavuta kamba weee, punda akaenda nayo. Mto ni uleule na mamba ni walewale. Ila mamba hatafuti mtumbwi, anatafuta kinachogusa maji. Mkono unaoning'inia nje ya kayaki, mguu uliotumbukizwa kwa ajili ya ubaridi, mama aliyechuchumaa kuosha sufuria mahali palepale saa ileile aliyooshea jana. Hivyo hakuna kuogelea mtoni, hata nusu dakika. Kushuka na kupanda kayaki kufanyike haraka, pale wanakijiji wanapotumia, na kwanza mtu atazame ukingo: mkiona mfereji laini kwenye tope ulioteremka hadi majini, kama gunia limeburutwa, tafuteni pengine. Njia ya kiboko nayo utaijua, maana ina mitaro miwili sambamba na tuta katikati. Hapo msikae hata kula karanga.

Mtakutana na nyavu. Maboya yake mengi ni chupa za plastiki au vipande vya kandambili vilivyotungwa kwenye kamba, na wakati mwingine vimevuka karibu mto mzima. Inueni makafi, mteleze juu yake polepole, msiikate, msiivute kuangalia kama kuna samaki. Wavu mmoja ni ada ya mtoto wa mtu. Ndoano za kamba ndefu ni mbaya zaidi kwenu kuliko kwa samaki, kwa kuwa kayaki yenu ni hewa iliyofungwa kwenye mpira.

Hapo nizizungumzie kidogo hizo kayaki. Sizikatai. Kwenye kipande hiki cha mto zinafaa, mradi hewa yake imegawanywa kwenye vyumba viwili au vitatu, ili kimoja kikitoboka vingine viwabebe hadi ukingoni. Zijazeni kivulini, ziingizeni majini, mkae kidogo, kisha muongeze upepo, kwani maji baridi hupunguza msukumo wa hewa na kayaki inalegea katikati. Mkizipandisha ufukoni kupumzika, toeni upepo kiasi kabla jua halijazipasua; huku saa saba mchana jua ndilo liko utosini. Gundi ya viraka iwe mpya, maana gundi ya dukani iliyokaa hukauka ndani ya tyubu na utaligundua hilo ukiwa na tundu mkononi. Udhaifu wake mkubwa ni upepo. Kayaki ya hewa imekaa juu ya maji, haikuingia ndani yake, kwa hiyo upepo huibeba kirahisi, na hilo linatupeleka mlangoni mwa mto, ambako ndiko ninakoogopa kuliko Igamba. Igamba angalau inanguruma.

Sikiliza vizuri hapa. Asubuhi, pepo za nchi kavu huelekea ziwani. Mkondo wa mto nao unaelekea ziwani. Mmelala vizuri, mmeshiba, mna nguvu. Kila kitu kinawasukuma upande mmoja, na mtu anayesukumwa upande anaotaka kwenda hujiona fundi. Mnafika mlangoni, maji ya mto ya kahawia yanaonekana yakiingia kwenye maji ya buluu ya ziwa, mpaka wake unauona kabisa kwa macho, na mtoto anasema baba twende pale kwenye buluu. Ni mita chache tu. Mkishavuka hapo, chini yenu mchanga unakatika na kina kinaanza. Ziwa hili sehemu yake ya chini kabisa ni mita 1,470, hakuna linalolizidi duniani isipokuwa Baikal. Pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, haligusi kitu. Na ng'ambo ni Kongo, mbali mno kwa mtu mwenye kafi.

Halafu upepo unabadilika. Kuanzia Mei mpaka kama Septemba upepo wa kusini-mashariki hulipiga ziwa kwa nguvu, ukikimbia kufuata urefu wake wa kilomita zaidi ya 670, na mawimbi hupata nafasi ndefu ya kukua. Mchana pepo za ziwani nazo huamka. Mawimbi hayo yakifika mlangoni yanakutana na fungu la mchanga na mkondo unaotoka, yanafupika, yanasimama wima, yanavunjika. Mnachotaka kurudia wakati huo ni mlango wenye mawimbi yanayovunjika, mkienda kinyume cha mkondo, na mikono imeshachoka. Ndiyo maana nimesema asubuhi moja, na kabla ya saa tano muwe mmeshamaliza mambo ya mlangoni.

Kuna kipimo nawapa wote ninaowapeleka. Mkikaribia mlango, mahali ambapo bado mko ndani ya mto, geuzeni omo, yaani mbele ya kayaki, mtazame mlikotoka, mpige kafi kupandisha mto kwa dakika kumi. Chagueni alama ukingoni, mti au nguzo. Kama mti ule umerudi nyuma yenu, endeleeni mbele kwa tahadhari. Kama mmebaki nao sambamba mkihema, safari imeishia hapo, pandeni ukingoni. Kipimo hiki hakitaki kifaa, na kinamkata maneno mume yeyote anayesema "tutaweza tu". (Samahani shemeji, lakini umetajwa kuwa muogeleaji hodari, na nimeshawaona waogeleaji hodari wengi wakiwa wa kwanza kusema hivyo.)

Kuogelea vizuri hakuhesabiki sana huku nje. Kinachohesabika ni jaketi okozi, limefungwa, mwilini, tangu Ilagala, si limekaliwa kama mto wa kiti. Na vyema zaidi ziwa muingie mkiwa na boti ya wenyeji imewasubiri mlangoni. Hata Livingstone na Stanley walipotaka kujua kama Mto Rusizi, ulio kaskazini mwa ziwa, unaingia ziwani au unatoka, mwezi Novemba mwaka huohuo wa 1871, waliondoka Ujiji kwa mtumbwi mkubwa wenye wapiga makasia wanaolijua ziwa, wakaambaa na ufuko, jioni wanatua. Waligundua kwamba unaingia, na swali la maji ya ziwa yanatoka nje kupitia wapi likabaki mpaka mpelelezi Cameron alipouona Mto Lukuga mwaka 1874.

Ruhusa. Mwoneni mtendaji wa kijiji Ilagala na viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Nendeni siku moja kabla, msalimie, mseme mnatoka wapi, mnataka nini, mnarudi lini. Bebeni vitambulisho vya taifa, huu ni mkoa wa mpakani, na watu watatu wageni wenye vyombo vya rangi wanaoelekea ziwani lazima waulizwe. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo ulizeni kama safari yenu inaangukia kipindi cha namna hiyo. Doria zinakuwa nyingi, na boti za wavuvi ambazo kwa kawaida zingewaona mkipata shida zinakuwa zimepandishwa ufukoni. Utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizeni usiku wa kuamkia safari, halafu mumsikilize pia mzee wa mwaloni. Wakitofautiana, mfuateni anayesema msiende.

Kupitia BMU ndipo mtampata wa kuwaongoza. Ombeni mvuvi wa mto. Mvuvi wa dagaa ni bingwa wa ziwa usiku, lakini kona za Malagarasi na makundi ya viboko anayajua mwenye kutega humo kila siku. Aje na mtumbwi wake wa mbao na mwenzake mmoja mwenye pondo, wawe mbele yenu daima. Malipo mkubaliane kabla, pamoja na chakula chao, na kama mtaishia mlangoni muamue mapema ni nani anawarudisha. Msimwambie "tutaona huko mbele". Tena msitegemee sana maelezo ya mtu aliyepita zamani, kwa kuwa ziwa limepanda miaka ya karibuni, limemeza fukwe na nyumba, na sehemu za kutulia zimehama.

Afya nitapita haraka. Kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, hasa mchana, basi mkilowa jikausheni, na wiki sita hadi nane baada ya safari nendeni mkapime, dawa ipo na inafanya kazi. Maji ya kunywa bebeni, kipindupindu huku si hadithi. Chandarua. Nguo za buluu na nyeusi ziacheni Urambo. Mbung'o wa miombo wanazipenda, na malale bado ni ugonjwa wa mikoa yetu hii miwili.

Siku yenu ya pili, kabla ya Ilagala, itumieni Kigoma mjini. Kuna fukwe zenye mawe na maji maangavu, kama ule wa Jakobsen, ambako watu huoga. Nendeni asubuhi, waulizeni wenyeji hali ya siku hiyo, kisha mpindue kayaki makusudi. Kila mmoja adondoke, aigeuze, apande tena akitokea tezi, yaani nyuma, huku mwenzake akiishikilia omo. Fanyeni mpaka ichoshe. Mtu ambaye hajawahi kupanda kayaki akitokea majini hagundui siku ya ajali jinsi ya kufanya. Kama bado mna hamu ya mto mrefu baada ya hapo, mwaka kesho niulize kuhusu Mto Ugalla wa kwenu Tabora. Huo una mambo yake: sehemu kubwa imo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2019, ruhusa ni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kiangazi mto hukatika ukabaki madimbwi yenye viboko waliobanana, kwa hiyo unahitaji mpango tofauti kabisa.

Amebaki mtoto. Asiyejua kuogelea haketi kwenye kayaki ya upepo, hata mbele ya baba yake. Aketi chini, katikati ya mtumbwi wa mbao wa mvuvi, jaketi okozi la saizi yake likiwa limefungwa hadi mkanda wa kati ya miguu, maana la mtu mzima litampanda kichwani akiingia majini. Mpeni kazi ya kugonga ubavu kabla ya kona na ya kuhesabu masikio. Macho ya umri huo yanaona kabla ya yenu. Na mvuvi akisema mtoto ashuke kabla ya mlango, ashuke, ninyi wote mshuke naye.